Kiboko cha Arobaini na Moja

Somo: Kumbukumbu la Torati 25:1–3



Somo letu la juma hili linahusu viboko, na huenda ndiyo sababu ni nadra kulisikia likihubiriwa. Watu wawili wameshtakiana. Mwamuzi amewasikiliza, amempata mmoja na hatia, na huyo anastahili kupigwa. Torati haisemi aachwe aende zake. Inasema alazwe chini pale pale mbele ya mwamuzi, apigwe kwa hesabu inayolingana na kosa lake, na hesabu hiyo isivuke arobaini. Sababu nayo imetolewa: ukizidisha, ndugu yako atakuwa ameshushwa thamani machoni pako.

Walimu wa Kiyahudi wa baadaye waliiogopa sana amri hii. Wakaona ni salama kupunguza kimoja, wawe wanapiga thelathini na tisa, ili mpigaji akikosea kuhesabu asije akavuka mpaka wa Mungu. Ndiyo maana Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 11, anaeleza kwamba alipigwa mara tano viboko arobaini kasoro kimoja. Fikirini hofu ile. Watu waliokuwa tayari kupiga waliogopa kuzidisha kuliko walivyoogopa kupunguza.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya mirungi.

Hapa Moshi hakuna asiyejua ninachozungumzia. Mpaka wetu na Kenya unaanzia nyanda za Holili, unapanda Rombo, unapita Tarakea na kuuzunguka mlima hadi Kamwanga. Upande wa pili, Taveta na Loitokitok, majani yale yanauzwa mchana kweupe. Kenya iliitambua miraa, kama wanavyoiita mirungi kule, kuwa zao la biashara mwaka 2016, na kule Meru inalisha familia nyingi. Upande wetu ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria. Furushi moja, lililofungwa kwa majani ya mgomba, linaondoka Taveta likiwa bidhaa, na likivuka njia za panya kuelekea Himo limekuwa kosa la jinai lenye adhabu kubwa kuliko makosa mengi ya kumwaga damu.

Ni vyema tuelewe pia kwa nini mzigo huu huenda kasi. Kilevi kilicho katika jani bichi la mirungi huitwa kathinoni, nacho hupungua nguvu haraka baada ya jani kuchumwa. Zikipita siku mbili, mteja hataki. Kwa hiyo kila anayebeba mirungi anashindana na saa. Pikipiki zinakimbizwa usiku, wengine wakizima taa wanapohofia doria. Na anayeendesha si mwenye mzigo. Mwenye mzigo ana simu na amelala kwake. Anayeendesha ni kijana wa Mwika, wa Njiapanda, wa Pasua, aliyelipwa ujira wa safari moja kwenye pikipiki ambayo mara nyingi si yake.

Sasa tuiangalie hesabu ya viboko.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipitishwa mwaka 2015 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1995, na chini yake ikaundwa Mamlaka tunayoifahamu kwa kifupi cha DCEA. Mwaka 2017 sheria ilifanyiwa marekebisho, kikaongezwa kifungu kinachotaja kifungo cha miaka 30 kwa anayesafirisha kiasi kisichozidi kiwango kilichowekwa. Kikizidi, ni kifungo cha maisha. Na kusafirisha, kwa maana ya sheria hii, si kuendesha gari tu. Kuuza, kuhifadhi, kupeleka na kugawa vyote vimo. Kwa heroini kiwango hicho ni gramu 200. Mwenye gramu zisizofika hapo na mwenye kilo chache za mirungi wanasimama chini ya kifungu kimoja, mbele ya miaka ile ile 30.

Rudieni sentensi hiyo iliyopita. Heroini, unga uliowageuza vijana wa pwani yetu kuwa vivuli, na jani ambalo jirani wa Taveta anatafuna akisubiri daladala, vimewekewa kiboko kimoja. Mtu akitaka kujua ni wapi kipimo cha Torati kimepotea, ni hapo.

Wasomaji wa magazeti mnajua kwamba habari za vifungo vya miaka 20 au 30 kwa kesi za mirungi kutoka mahakama za mkoa huu hazishtui tena. Zinachukua safu fupi ukurasa wa ndani. Kijana wa miaka 24 akihukumiwa leo miaka 30, hata akipata msamaha wa theluthi kwa tabia njema, anatoka akiwa na mvi. Mama yake atakuwa amezikwa kihambani, kwenye shamba la familia. Mchumba atakuwa bibi wa mtu mwingine. Kazi pekee anayoijua itakuwa ile aliyofundishwa ndani, na kwa walioko Gereza la Karanga huenda ni kushona viatu, maana kiwanda cha viatu kipo pale na kinasifiwa kwa kazi nzuri.

Mama mmoja, mshona nguo, aliniambia neno ambalo limenisumbua. Alisema, "Mchungaji, mwanangu alikosa. Mimi sikatai. Nilimwonya, hakunisikia. Lakini angekuwa amempiga mtu panga, ningeshamwona amerudi nyumbani." Sikuwa na jibu la kumpa. Nilijua kwamba katika sheria zetu, kujeruhi na hata kuua bila kukusudia huwapa mahakimu na majaji nafasi ya kupima: umri, kosa la kwanza, majuto, mazingira. Mizani hiyo hutumika kila siku. Kwa mzigo wa mirungi, sheria imekwisha kuandika namba kabla kesi haijaitwa.

Tena tazameni jambo lingine katika somo, ambalo nami nalisoma kwa uzito. Adhabu inatolewa mbele ya uso wa mwamuzi. Yeye aliyeamua lazima aone kila kiboko kikishuka. Bunge lililotunga hesabu ya miaka 30 liko Dodoma. Hakimu aliyeisoma amekwenda kwenye kesi inayofuata. Anayeiona miaka ikishuka mmoja mmoja ni askari magereza, ni yule mama anayepanga foleni na sabuni ya mche mkononi, na wakati mwingine ni mchungaji. Hilo halimfanyi hakimu kuwa mtu mbaya, kwani anatumia sheria aliyopewa. Lakini sheria isiyoona uso wa mtu inayempiga huwa rahisi kuongeza.

Adhabu kubwa namna hii ina ubaya mwingine ambao wanasheria wanaujua vizuri. Inageuza haki kuwa bahati nasibu. Mirungi huoza, kwa hiyo kielelezo huteketezwa mapema, na sampuli hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kila mkono uliopokea mzigo unapaswa kuandikwa, kuanzia askari wa barabarani hadi mtunza vielelezo hadi maabara. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, rufaa inashinda. Mahakama ya Rufani, inapokuja kufanya vikao vyake hapa Moshi, imewaachia wengi kwa sababu hiyo. Basi watu wawili wamebeba mzigo sawa, barabara moja, mwezi mmoja: mmoja anakaa miaka 30, mwingine anatoka baada ya miaka minne au mitano ya kusubiri rufaa, kwa sababu fomu haikusainiwa. Hapo hakuna aliyepata kipimo chake. Mmoja amepigwa kupita kiasi, mwingine ameambiwa hana hatia ingawa kijiji kizima kinajua alichobeba.

Najua baadhi yenu mmekwisha kunikasirikia. Nawasikia. Wako washarika ambao nyumba zao zimeharibiwa na mirungi. Mume hulala mchana na kukesha usiku, mshahara unaishia kwenye majani, pipi na soda, hana hamu ya chakula, hana hamu ya mke, na mirungi ikimwisha mwilini anakuwa mkali na mwenye huzuni isiyo na sababu. Dereva anayetafuna ili asisinzie anafika mahali ambapo mwili unakataa, naye ameshika usukani wa basi lenye watu. Mimi sisemi mirungi ni kama kahawa. Wako wanaosema hivyo katika mjadala huu, nao nawaona wanawadanganya vijana. Siombi ihalalishwe. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014 baada ya kuiruhusu kwa miaka mingi, na Uganda, ambako Mahakama ya Katiba iliibatilisha sheria ya dawa za kulevya Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, ilirudi ikatunga nyingine. Nchi ina haki ya kulikataa jani.

Ninachouliza ni hesabu ya viboko. Anayeiuliza hamtetei mwovu. Torati yenyewe iliiuliza, tena juu ya mtu ambaye hatia yake ilikwisha kuthibitishwa.

Wengine wananiambia adhabu kali ndiyo inayotisha. Lakini imemtisha nani? Ingekuwa miaka 30 inazuia, tungekuwa tumeshaona barabara ya Himo imetulia. Kijana anayekubali safari ya usiku hafikirii mwaka wa thelathini, anafikiria kodi ya chumba ya mwezi huu na kwamba wenzake walipita jana. Kinachotisha ni uhakika wa kukamatwa, na kinachotisha zaidi ni kukamatwa kwa yule mwenye simu. Huyo hajabeba kitu, hivyo sheria inayopima kwa kilo zilizo begani inampita.

Hapa nchini tuna mfano wa kipimo bora, nao ulitugusa sana sisi wa mlimani. Mnakumbuka viroba. Vijana walikuwa wakinunua pombe kali kwa bei ya andazi, wanaiweka mfukoni wanaingia nayo darasani na kwenye gari. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi pombe ya kwenye vifuko vya plastiki ni marufuku. Serikali haikumfuata mnywaji. Iliifuata pakiti. Ilikigusa kile kilichofanya pombe kali imfikie mtoto wa shule, na mtoto wa shule hakupelekwa Karanga. Pombe haijaisha, na sisi ambao mbege ipo katika arusi, matanga na upatanisho wetu hatuna uso wa kujifanya hatuijui. Gongo ipo, na inaua. Lakini vile vifuko vilivyokuwa vimetapakaa kwenye mitaro ya stendi vilitoweka. Sheria inaweza kuwa kali kwa kitu na ikabaki na huruma kwa mtu.

Twendeni sasa Upareni, maana mirungi yote haitoki Kenya. Katika milima ya Same, hasa kata ya Tae, imelimwa kwa miaka mingi. Katika miaka hii ya karibuni Mamlaka, chini ya Kamishna Jenerali Aretas Lyimo, imepanda huko mara kadhaa na kung'oa mashamba, na viongozi wamewahimiza wakulima wahamie mazao mengine. Wakulima nao wamesema hadharani walichopata katika jani hilo: ada za shule, mabati, matibabu. Pande zote mbili zinasema kweli, na hilo ndilo gumu.

Sisi Wachagga tunapaswa kuwaelewa ndugu zetu Wapare kuliko mtu mwingine yeyote. Tunajua maana ya zao kuanguka. Kahawa ililetwa na wamisionari, ikaota Kilema, ikajenga shule na makanisa, na babu zetu wakaunda KNCU mwaka 1933 ili wauze kwa sauti moja. Halafu mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika na bei ikaporomoka. Mibuni ikazeeka shambani. Wengine wakaing'oa, wakapanda ndizi na nyanya, wengine wakawatuma watoto Dar es Salaam. Hakuna aliyetuita wahalifu kwa kuacha kahawa. Kule kwenye miteremko ya Same, jani linalochumwa mara nyingi kwa mwaka na kulipwa taslimu liliingia pale pale ambapo zao la mwaka lilishindwa kulipa.

Mnaukumbuka mfano wa mtini usiozaa katika Luka 13. Mwenye shamba anasema ukatwe, kwa nini unaiharibu nchi. Mtunza shamba hapingi kwamba mti una kasoro, wala hasemi usikatwe kamwe. Anaomba mwaka mmoja, na katika mwaka huo anajifunga kufanya kazi: atapalilia kuuzunguka, atatia samadi. Nasoma mfano huu nikiwafikiria wale wa Tae. Mwenye haki ya kukata ni vizuri aulize pia nani atachimba na nani atatia samadi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ipo Lyamungo, kilomita chache kutoka hapa mjini, na ina miche inayostahimili magonjwa. Mche wa kahawa hauzai siku unapopandwa, unahitaji miaka mitatu hivi. Katika miaka hiyo mtoto wa darasa la sita bado anataka daftari. Mpango wa kung'oa usiotaja miaka hiyo mitatu haujakamilika, na Kanisa lenye sharika katika milima ile lina wajibu wa kulisema hilo kwa heshima na kwa kurudia.

Kuhusu bangi nitasema kidogo. Wapo wabunge waliowahi kuomba ilimwe kwa ajili ya dawa na kuuzwa nje, wakitaja Lesotho iliyotangulia mwaka 2017, Malawi mwaka 2020 na Rwanda mwaka 2021. Sina uadui na dawa itokayo katika mmea wowote ambao Mungu ameuumba. Naona tu kwamba kilimo cha namna hiyo kinataka uzio, walinzi, maabara na leseni, na mkulima wa nusu ekari hawezi kuvilipia. Kama utajiri huo utakuja, hautapita kihambani kwetu. Mjadala ule usituondoe kwenye ule wa walio gerezani tayari.

Wako pia watumiaji. Hapa nchi yetu imefanya jambo ambalo hatulisifu vya kutosha. Februari 2011, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ilifunguliwa kliniki ya methadoni kwa walioathirika na heroini, ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara. Mtu aliyekuwa anaitwa teja, anayefukuzwa na mgambo, akaanza kupanga foleni kila asubuhi kunywa dawa mbele ya muuguzi. Huduma hiyo imeenea mikoa kadhaa. Serikali ile ile iliyoandika miaka 30 ndiyo inayotoa dawa hiyo, kwa hiyo tusiseme haijui huruma. Inajua. Ombi ni kwamba huruma iliyoingia hospitalini iingie pia kwenye kitabu cha sheria: kifungu cha heroini kitengane na cha mirungi, anayebeba kwa ujira atofautishwe na anayemiliki mzigo, na hakimu arudishiwe mizani yake ili aweze kusema miaka miwili pale inapofaa miwili, na thelathini pale mfanyabiashara mkubwa anapopatikana.

Naamini ndugu yetu aliyekosa anapaswa kutoka gerezani akiwa bado na umri wa kutengeneza. Zakayo alilipa mara nne kwa sababu alikuwa bado na mali, nguvu na majirani wa kuwalipa. Tukimrudisha mtu akiwa na miaka 50, bila mke, bila kihamba, bila aliyemjua, tunamdai toba ambayo tumekwisha kumnyang'anya uwezo wa kuitenda.

Basi juma hili nina mambo ya kufanya pamoja nanyi. Bwana wetu katika Mathayo 25 hakuuliza kama mfungwa alikuwa na hatia au hana. Aliuliza kama alitembelewa. Wazee wa kanisa wa kila mtaa wakusanye majina ya washarika wetu walioko mahabusu na gerezani kwa kesi hizi, bila kuyasoma kanisani, wayalete ofisini. Familia nyingi zimeficha, zikisema kijana yuko Mererani machimboni. Waambieni hatutawauliza kwa nini walificha. Umoja wa Wanawake umeshakubali kuchangia nauli ya akina mama wazee wa Rombo wasiomudu kushuka Karanga mara kwa mara.

Mawakili tulionao usharikani, nawaomba mtusaidie kuandika barua moja fupi kwa Tume ya Kurekebisha Sheria, na nakala kwa wabunge wa majimbo yetu. Barua isiombe mirungi iruhusiwe. Iombe kifungu cha miaka 30 kiangaliwe upya, na itaje waliokwisha kuhukumiwa, kwa kuwa sheria ikirekebishwa bila kuwakumbuka, wataendelea kutumikia hesabu ambayo nchi yenyewe imekiri ilizidi. Itakuwa tayari kusainiwa Jumapili baada ya ibada ya pili, mezani penye sanduku la sadaka ya diakonia. Asiyekubaliana nayo asisaini, lakini aje tuzungumze. Nitakuwa pale hadi saa nane.